Unakula korosho za baba yangu halafu unamuuliza "mikorosho si bado ipo?"

BintiTandahimba:

Wakuu, leo sina salamu, mnisamehe. Nimetoka sebuleni dakika hii, nimekaa juu ya gunia nyuma ya nyumba, wageni bado wapo ndani wanakunywa soda, na mikono inanitetemeka.

Jina simtaji. Wa Mtwara mnamjua, wa Lindi mnamjua, na ng'ambo ya Ruvuma wanamjua pia, maana manukato yake yanavuka mto kabla yeye hajashuka ngazi ya ndege. Kapteni wetu yule wa ndege. Anayevaa miwani ya jua mpaka tarawehe. Akija likizo anakwenda sokoni kununua pweza na shati la kazi, mistari minne begani, ili muuza pweza ajue anampunguzia bei nani. Huyo huyo.

Baba kamwalika chakula cha mchana. Majogoo wawili wamekwenda. Mama kaamka usiku kuchoma na kubangua korosho, zile kubwa ambazo hapa nyumbani hatuli, ni za kuuza. Yote hayo ili bwana mkubwa atuambie nafanyaje nipate kazi. Maana leseni ya urubani wa biashara ninayo, kibali cha injini mbili ninacho, cha kuruka kwa vyombo ninacho, mitihani ya ATPL, ile leseni ya juu ya marubani wa mashirika, nimefaulu, cheti cha afya daraja la kwanza hakijaisha. Na kila karatasi katika hizo imelipiwa na mikorosho. Shamba la Tandahimba ambalo babu alimwachia baba limemegwa, ada ikija kipande kinaondoka, mpaka upande wote wa barabarani sasa una majina ya watu wengine.

Haya. Jamaa anakula. Anazifikicha korosho kwa vidole viwili, ngozi zinadondokea kwenye mkeka wa mama, na kipande kimoja kimemganda kwenye mistari ya bega la kulia. Mimi nakiangalia tu kile kipande. Baba anaeleza kwa adabu zote, anamwita "Kapteni" mtu ambaye alimbeba mabegani siku ya kutoka jandoni. Anamaliza kwa kuuliza, "Sasa mwanangu amebakiza nini?"

Jamaa hata macho hanyanyui. "Kampuni inamchukua hata kesho, Mzee. Aje tu na taipu reitingi yake mkononi. Dola 25,000 tu."

TU.

Baba akauliza ni shilingi ngapi hizo. Akaambiwa milioni sitini na kitu. Baba akanyamaza. Ndipo yule bwana akajitupia korosho mdomoni, akacheka, akasema: "Mzee, mikorosho si bado ipo?"

MIKOROSHO SI BADO IPO?

Mbele ya mama. Mbele ya wajomba. Mdomo umejaa korosho za mikorosho hiyo hiyo anayoiulizia!

Kwa wasiojua: leseni peke yake haikukalishi kwenye ndege kubwa. Kila aina ya ndege ina kibali chake, ndiyo hiyo taipu reitingi. Unasoma mifumo ya ndege hiyo moja darasani, unaingia kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, unazimiwa injini, unawashiwa moto wa uongo, unapimwa, ndipo inaandikwa kwenye leseni. Ya Q400 haikuruhusu kugusa ATR, ingawa zote ni za mapangaboi mawili na zote tumeziona zikitua hapa kwetu. Kwa hiyo haya ni mafunzo ya ndege YAO, ya kubeba abiria WAO, wanaolipa nauli KWAO. Dereva wa basi la Dar lini aliambiwa aje na injini yake?

Korosho hata ikinunuliwa 4,000 kwa kilo, milioni 60 ni tani 15, bila makato. Tani kumi na tano! Halafu unamuuliza mzee mikorosho si bado ipo, huku unacheka.

---

Njomba_Chikongola: "Mikorosho si bado ipo" nimeiweka stetasi tayari. Dada pole, lakini nimecheka hadi mke wangu ameamka.

KakaMasasi: Miwani ya tarawehe tu nikamjua, kwenye mistari minne sikufika. Huyu mwaka juzi kwenye msiba alisimama mbele ya feni watu waone tai inavyopepea. Msiba!

Mzee wa Mikindani: Mwanangu, mgeni bado yuko sebuleni kwa baba yako na wewe uko nyuma ya nyumba unamwandika. Subiri aondoke. Hayo mengine nitasema akishaondoka.

Nyangao_Boy: Mzee wa Mikindani naona unamwogopa na wewe, kuna mtoto unataka apelekwe urubani?

KitiChaKulia: Mdogo wangu, mimi nililipa. Ndugu walichangishana, nikaenda Addis Ababa, nikafanya ya Q400 kwenye simuleta, nikafaulu. Nikarudi na karatasi. Ile kampuni iliyoniahidi ikasema subiri. Na hiki kitu hakikai kabatini. Usiporuka na usipopimwa tena kwa wakati kinaisha, unarudi kwenye simuleta kwa hela yako kukifufua. Nilipokuja kuitwa, niliitwa na wengine kabisa, wenye ATR. Ya Q400 haikunisaidia kitu. Usimruhusu baba auze hata mti mmoja kwa ahadi ya mdomo. Mkataba wa ajira uliosainiwa kwanza, hela baadaye.

BintiTandahimba: Kaka umenimaliza. Na huyu hata ahadi ya maandishi hakuitoa. Kasema "inamchukua hata kesho" huku anatafuta korosho nzima kwenye bakuli, zilizovunjika anazisukuma pembeni. Anachagua! Halafu mikorosho si bado ipo.

Mchambuzi Huru: Tuwe wakweli. Kampuni ikimlipia mtu taipu reitingi, akishapata saa za kuruka za kutosha anakimbilia Ghuba, kampuni inabaki na hasara. Ndiyo maana wanataka uje nayo. Huko Ulaya kwenye mashirika ya nauli nafuu hii ni kawaida miaka mingi, na kuna waliofika mbali zaidi, rubani analipia mpaka saa za kuruka na abiria. Hakuna tusi hapo.

BintiTandahimba: Kama wanaogopa nitakimbia, bondi ipo! Nisainishe miaka mitano, nikiondoka kabla nilipe kilichobaki. Ndivyo wenye akili wanavyofanya. Nimeshasema nitasaini kwa wino, kwa kidole gumba, kwa chochote. Na umesema hakuna tusi? Hukuwepo. Baba aliangalia chini kwenye mkeka. Mtu mzima, wajukuu anao, anaangalia ngozi za korosho kwenye mkeka kwa sababu hana la kujibu. Usiniambie hakuna tusi.

Njomba_Chikongola: Mchambuzi Huru ni kapteni mwenyewe, kajificha chooni kwa mzee anajibu uzi.

KakaMasasi: Hahaha, dada, nenda kagonge mlango wa choo.

Mchambuzi Huru: Mimi niko Dodoma, acheni utoto.

Kipimo_Cha_Upepo: Wakuu, hili si jambo la kucheka. Februari 2009 ndege aina ya Q400 ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Kwenye uchunguzi mambo mengi yakatoka hadharani: uchovu, mafunzo, na mshahara mdogo wa rubani msaidizi, aliyekuwa bado anaishi kwa wazazi wake upande wa pili wa nchi na kwenda kazini kwa kudandia ndege usiku. Sheria ikapitishwa 2010, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria kule lazima awe na saa 1,500, isipokuwa wachache wanaopunguziwa. Abiria mnatakiwa mjiulize: yule wa kiti cha kulia amelala? Ana deni la kiasi gani kichwani? Mwenye deni la milioni 60 anaweza kupiga simu asubuhi kusema leo naumwa, siruki?

Nyangao_Boy: Mkuu, uzi wa korosho umeupeleka Marekani na visa hatuna.

KitiChaKulia: Kipimo, hapo mwishoni umegonga penyewe. Nimeruka na mafua masikio yanauma hadi machozi yanatoka, kwa sababu mwezi ule nilikuwa nadaiwa.

Zamu_ya_Usiku: Nyie angalau mnaambiwa bei. Mimi daktari, intanshipu nimemaliza, ajira sina, nasaidia hospitali moja "kwa kujitolea" huku mkoani. Gauni la kazi langu, kipimo cha presha changu, nauli yangu. Juzi mgonjwa kanipa mihogo, nikaipokea. Na mwalimu wa kujitolea yupo hapa jirani, mwaka wa ngapi sijui.

Toyo_Masasi_Stendi: Daktari una gauni. Mimi bodaboda ya mkataba, kila siku hesabu, ikinyesha hesabu, nikiumwa hesabu. Nilibakiza hela kidogo pikipiki iwe yangu, tajiri akaja akaichukua, eti nilichelewesha siku mbili. Huyu tajiri naye mnamjua, ana duka la simenti na kofia ya Makka.

KakaMasasi: Huyo namjua!! Shemeji yangu naye kafanyiwa hivyo hivyo.

Njomba_Chikongola: Kofia ya Makka fungua uzi wake, huyo anatosha kurasa kumi.

BintiTandahimba: Jamani turudi. Kaondoka sasa hivi. Unajua mama alimfungia nini? Korosho. Mfuko mzima, kwa sababu ndiyo adabu yetu, mgeni haondoki mikono mitupu. Na akaupokea! Akaupima kwa mkono, akasema "hizi nzuri hizi Mama, Dar wanatuuzia bei mbaya". Mtu kamwambia baba auze shamba lililobaki halafu anaondoka na mavuno yake.

Mama_Abdul_Lindi: Mwanangu, mama yako ni mtu. Mimi ningemfungia maganda. Ila nyie wa Mtwara mna bahati, ndege mnayo ya kugombania. Sisi Lindi tunaisikia inapita juu kwenda kwenu. Mtu akitaka kuruka apande gari zaidi ya kilomita 100 aje huko, halafu nauli ya ndege yenyewe unauza mbuzi.

Nyangao_Boy: Na ukishauza mbuzi, unafika uwanjani unaambiwa safari imefutwa. Meseji inaingia uko kwenye foleni.

Fundi_Ligula: Basi je? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, mimi nilikuwa upande wa pili na mtungi wa gesi na mtoto mchanga. Hakuna aliyeniuliza kama nina mikorosho.

Kipimo_Cha_Upepo: Umeongelea gesi. Gesi inatoka Mnazi Bay, inachakatwa Madimba, na mimi hapa naandika simu ina asilimia 6 kwa sababu umeme umekatika.

Mzee wa Mikindani: Sasa mgeni kaondoka, naweza kusema. Binti, mwambie baba yako asiuze. Mikorosho ile mikubwa akiiuza leo, mipya ikikua yeye hayupo. Mimi niliuza ya Nanyamba ili kijana asome, na kijana yuko Dar anauza simu. Simlaumu. Ila shamba nikilipita nageuza uso.

BintiTandahimba: Shikamoo Mzee. Ahsante. Baba bado amekaa pale pale, hajala. Kaniita sasa hivi kaniuliza hiyo simuleta ni ndege ya kweli au ya mchezo. Anapiga hesabu, namjua. Ndicho kinachoniuma. Yule kalitupa neno akaondoka na mfuko wake, na baba amelibeba.

KitiChaKulia: Njoo kwenye meseji za pembeni, nikupe majina ya kampuni za ndege ndogo zinazochukua wenye saa chache. Anza huko, saa zako ziongezeke, wakubwa watakuja na bondi wenyewe.

Nanyamba_Original: Mzee wa Mikindani, shamba lako la Nanyamba uliuza kwa nani? Nauliza kwa sababu kuna mtu analima pale, na salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, anachukua mifuko ya watu watano.

Mkulima_Newala: Salfa msiniguse! Mwaka jana imenifikia ubwiri unga umeshamaliza maua. Nakwenda ofisini naambiwa jina halisomi kwenye mfumo. Lilisoma wakati wa makato, kwenye salfa halisomi.

KakaMasasi: Jina lako lilisoma kwa kangomba, wale wanunuzi haramu wa korosho, Newala. Si ulichukua hela mapema ukalipa kwa mabeseni?

Mkulima_Newala: Futa hiyo kauli. Mimi nimeuza kwa stakabadhi ghalani, njia halali ya ghala na mnada, tangu mwanzo, hata 2018 jeshi lilipokuja kununua kwa 3,300 nilikuwa na karatasi zangu zote. Kangomba ni shemeji yako wa pikipiki.

Toyo_Masasi_Stendi: Shemeji wa pikipiki anaingiaje hapo? Aliyechukua pikipiki yangu ndiye kangomba, msimu uliopita gari lake limekamatwa na magunia usiku.

Nanyamba_Original: Gari jeupe? Lenye turubai la bluu?

Toyo_Masasi_Stendi: Hilo hilo.

Mkulima_Newala: Subirini, nakuja na picha.