Tupeane uzoefu: "very", "too", "quite"... neno gani la kukazia lilikuaibisha kwenye Kiingereza?

MhudumuWaNungwi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mhudumu wa meza kwenye hoteli moja Nungwi, Zanzibar, mwaka wa tisa sasa. Mwaka wangu wa kwanza jikoni kulikuwa na pweza wa nazi ambaye wageni walikuwa hawamtaki. Si kwamba hakuwa mtamu, maana sisi wafanyakazi tulikuwa tunagombania rojo lililobaki kwenye sufuria. Ajabu ni kwamba waliomkataa wote walikuwa wa meza zangu.

Mgeni akiuliza kama ana pilipili, najibu kwa bashasha: "Yes, it is too hot!" Kichwani kwangu nimesema, ndiyo, pilipili ipo ya kutosha, utafurahi. Mgeni anafunga menyu, anaagiza pizza. Mpishi akaanza kuninunia. Siku moja mzee wa Kiingereza akaniuliza taratibu, "Too hot for whom?" Nikabaki nimetoa macho. Akanifafanulia: chai ambayo ni "very hot" unaipuliza unakunywa, ambayo ni "too hot" hainyweki. Kumbe "too" ni sana iliyokwisha kuwa tatizo, na mimi miezi minne nilikuwa nawaambia watu pweza wetu haliki.

"Sana" yetu inabeba vyote, na hata "mno" tunasifia nayo: mtamu mno. Nani mwingine alishaumbuka? Karibuni.

KijanaWaKahama

Mkuu, afadhali wewe ulipoteza pweza, mimi nilipoteza kazi. Barua yangu ya kwanza ya maombi niliimalizia hivi: "I promise to work hardly." Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Quick inazaa quickly, slow inazaa slowly, basi hard izae hardly. Kwenye usaili mama mmoja akaisoma kwa sauti, akavua miwani, akasema kwa Kiswahili, "Mwanangu, hapa umeahidi kwamba kazi hutafanya."

"Hardly" ni karibu na hapana. "I hardly slept" maana yake usingizi ulioupata ni lepe tu. Tulicheka wote mle ndani, lakini simu haikuja.

ShangaziWaMbeya

Mimi tulinuniana na mwenzangu hosteli kwa sababu alisema chumba chetu ni "pretty dirty". Nikamuuliza, uchafu una urembo gani? Nilidhani ananikejeli. Kumbe hapo ni "chafu kiasi cha kutosha", urembo haumo kabisa.

NesiUghaibuni

Niko Uingereza, kazi za wodini. Tathmini yangu ya kwanza msimamizi aliandika "quite good". Nikampigia mume wangu Morogoro, nikatuma na hela ya soda watoto wafurahi. Mwenzangu Mfilipino akaniambia, dada, punguza sherehe. Kwa Waingereza "quite good" mara nyingi ni "inaridhisha tu". Mmarekani ndiye akiisema huwa anasifu.

Nikaamua basi "quite" ni nusu nusu. Wiki iliyofuata daktari akaniambia "You're quite right", nikadhani ananikubalia shingo upande. Kumbe hapo inageuka kuwa "kabisa"! Nilichokuja kukishika ni hiki: uzuri una vipimo, kwa hiyo "quite" inaupunguza. Kuwa sahihi au kutowezekana hakuna nusu, kwa hiyo "quite impossible" ni haiwezekani kabisa.

Na msiulize nilivyonuna nilipoambiwa "not bad at all". Ile ndiyo ilikuwa pongezi yenyewe.

MwalimuMstaafuTanga

Wanangu, mengi katika haya tuliyasababisha sisi walimu. Tulikuwa tunaandika ubaoni very, extremely, highly, deeply, juu yake tunaweka "visawe", kengele inalia. Mwanafunzi anaondoka akiamini anaweza kuchomoa moja na kuchomeka jingine. Nikaletewa insha: "My grandmother was highly asleep." Nikapiga mstari mwekundu, ila moyoni sikujua nitamweleza nini mtoto yule, maana sarufi haikuwa na kosa.

Usiku ule umeme ulikatika. Mama watoto akaniambia nipite polepole, mtoto amelala fofofo na kwenye korido ni giza totoro. Nikasimama palepale. Nani aliyewahi kusema amelala totoro? Au giza fofofo? Mtu analowa chapachapa, analewa chakari, kanzu inakuwa nyeupe pepepe. Hakuna aliyetufundisha kanuni, tumelelewa nazo.

Kesho yake nikafuta ile orodha. Nikaandika kulala fofofo, pembeni "fast asleep". Giza totoro, "pitch dark". Kulowa chapachapa, "soaking wet". Darasa likachangamka, wakaanza kunidai nyingine. Tangu siku ile "bitterly cold", "deeply sorry" na "highly recommended" nilizifundisha kama ndoa, kila mume na mkewe. "Extremely" ndiye mzururaji, anaingia karibu kila nyumba, ila msimpeleke kwenye neno lililokwisha kufika kileleni. "Extremely excellent" ni kumimina maji kwenye ndoo iliyojaa. Hapo mwiteni "absolutely".

KijanaWaKahama

Mwalimu, mbona kwenye mitihani bado wanaviita visawe?

MwalimuMstaafuTanga

Mtihani ni mtihani, mwanangu.

MswahiliBoston

Huku Massachusetts baridi ya kwanza mwenzangu kazini alisema "It's wicked cold". Mimi "wicked" naijua ya kanisani, mwovu. Nikajiuliza baridi imemkosea nini mtu. Kumbe ndiyo kinoma yao! Kaskazini mwa California wana "hella", na kaskazini mwa Uingereza utasikia "dead good".

Nikaona sisi hatuna haki ya kushangaa. Mzuri balaa, anaimba hatari, na ndugu zetu Wakenya "nakupenda mbaya". Hata Kiingereza cha heshima kina "awfully kind", wema wenye jina la kitisho ndani yake. Ila "wicked" iacheni mtaani, msiipeleke kwenye barua ya ofisi.

BintiMvita

Kuongezea kidogo, "very" yenyewe ilitoka kwenye Kifaransa cha zamani ikiwa na maana ya "kweli". Sawa na sisi tunavyosema kali kwelikweli.

Na ile "too" ya mleta mada imetutesa hata Mombasa. Kaka yangu alimwandikia mchumba wake Mjerumani "I love you too much". Akajibiwa, basi punguza.

MhudumuWaNungwi

BintiMvita, nimecheka mpaka meneja amenitazama. Mimi siku hizi nasema "really hot, but not too hot", na pweza anaagizwa. Mpishi tumepatana.

KijanaWaKahama

Natuma maombi tena kesho. Nimeandika "I work extremely hard". Mwalimu, hiyo ndoa ipo?

MwalimuMstaafuTanga

Ipo. Tuma.