Naomba ushauri: mashine ya kupumulia usiku inanishinda

Habari za wakati huu ndugu zangu. Nina miaka 23, nimepanga chumba kimoja hapa Dar. Miezi miwili iliyopita niligundulika kuwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini. Usiku wa kipimo ilikatika mara 34 kwa saa. Nikaandikiwa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe.

Siku nikilala nayo mpaka asubuhi naamka kichwa chepesi, wala sisinzii kwenye daladala. Ila siku hizo ni chache mno. Saa nane usiku nashtuka nimeshaivua bila kujua, iko pembeni inapuliza shuka. Mdomo unakauka, na mikanda inaniachia alama shavuni hadi saa nne asubuhi. Umeme ukikatika ndiyo basi tena.

Kinachoniumiza zaidi, natarajia kuoa mwakani na mchumba wangu bado sijamwambia.

Mliopitia hili, mlizoea baada ya muda gani? Barakoa ya puani tu ni nafuu kuliko inayofunika na mdomo? Betri ya ukubwa gani inatosha usiku mzima? Na mwenzangu nimwambieje? Nitashukuru sana.