Simu inaonyesha mtandao wa kutosha, lakini miamala inakwama na maongezi yanakatika (Uru, Moshi)

Wakala wa Uru

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafanya kazi ya uwakala wa fedha kwa njia ya simu huku Uru, upande wa juu wa Moshi, katika kibanda cha mabati kilichozungukwa na migomba pande tatu. Kwenye kioo cha simu yangu alama ya mtandao huonyesha mistari mitatu, mara nyingine minne, na kando yake imeandikwa 4G. Hata hivyo, nikipiga ile namba ya kuanzia na nyota ili nimhudumie mteja, menyu huchelewa kufunguka, na wakati mwingine hunitoa nje nikiwa nimeshaingiza namba ya siri. Mteja hubaki hajui kama fedha imetoka au haijatoka, nami sijui mpaka ujumbe ufike. Maongezi nayo hukatika, hasa jioni.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba jirani yangu mwenye simu ya kitochi, anayetumia laini ya kampuni ileile, hukamilisha miamala bila taabu. Nilipouliza kwenye duka la kampuni hiyo mjini niliambiwa kwamba eneo langu lina mtandao mzuri. Naomba mwenye ujuzi anieleze jinsi simu inavyochagua mnara, kinachofanya muunganiko udumu au ukatike, na nifanye nini kabla sijatumia fedha kununua simu nyingine au kile kifaa cha kukuza mtandao kinachouzwa mitaani.

Fundi wa Masafa, Arusha

Ndugu Wakala, pole kwa usumbufu. Nianze na hiyo mistari, kwa sababu huwachanganya wateja wengi na hata baadhi ya wauzaji. Mistari hupima nguvu ya mawimbi ambayo simu yako inayapokea kutoka mnarani, basi. Haielezi kama mnara nao unakusikia, haielezi kama mawimbi hayo yamefika yakiwa safi au yamevurugwa na minara mingine, wala haielezi kama mnara una nafasi ya kukuhudumia kwa wakati huo. Isitoshe, kila mtengenezaji hujipangia mwenyewe mistari mitatu ianzie wapi, hivyo simu mbili zilizolazwa juu ya meza moja zinaweza kuonyesha mistari tofauti ilhali zinapokea mawimbi yaleyale.

Ukitaka kipimo cha kuaminika, fungua mipangilio, nenda sehemu ya maelezo kuhusu simu, kisha hali ya laini. Katika simu nyingi utaona namba yenye alama ya kutoa, ikifuatwa na herufi dBm, yaani nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha desibeli. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -105 ni dhaifu lakini inafanya kazi, na ikishafika -120 simu inakaribia kupoteza mtandao. Usidharau tofauti ndogo, kwa kuwa desibeli 3 zikipungua nguvu imebaki nusu, na zikipungua 10 imebaki sehemu moja ya kumi.

Mawasiliano ya simu ni ya pande mbili, na upande dhaifu ni wa kwako. Antena ya mnara hurusha mawimbi kwa makumi ya wati, wakati simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Kwa hiyo unaweza kuusikia mnara vizuri kabisa huku wenyewe ukikusikia kwa shida. Simu ya kitochi ya jirani yako, ikiwa kwenye 2G ya masafa ya megahezi 900, inaruhusiwa kufikia wati 2, yaani mara kumi ya yako. Hilo linaeleza sehemu ya tofauti mliyoiona.

Sehemu nyingine, ambayo nadhani ndiyo kubwa kwako, ni mlima. Uru inapanda kutoka Moshi mjini kuelekea msituni. Antena za minara ya mjini na ya tambarare huinamishwa nyuzi chache ili zihudumie watu walio chini yake, lakini wewe umekaa juu kuliko vilele vya minara hiyo, na hakuna kilima cha kukukinga nayo. Simu yako hupokea minara mingi kwa pamoja, kwa nguvu zinazokaribiana, bila hata mmoja kutawala. Katika 4G minara jirani kwa kawaida hutumia masafa yaleyale, kwa hiyo kila mnara usioushika ni kelele juu ya ule unaoushika. Ni kama kumsikiliza mtu mmoja katikati ya soko la Mbuyuni asubuhi: sauti zipo tele, ila kuyapata maneno ya mmoja ndiyo kazi. Kwenye 2G minara inayopakana hupangiwa masafa tofauti, na ndiyo maana kitochi hakisumbuliwi kiasi hicho.

Umeuliza simu huchagua vipi. Inapokuwa imetulia, bila maongezi wala data, simu yenyewe hupima minara ya karibu na kuhamia ulio bora, kwa kufuata vigezo ambavyo minara inavitangaza. Ukianza kuzungumza, uamuzi huwa wa mtandao: simu hupima na kutoa taarifa, mtandao huamuru kuhama. Ili simu isirukeruke ovyo, mnara mpya hutakiwa uuzidi wa zamani kwa desibeli kadhaa, na kwa muda fulani mfupi, kabla ya amri hiyo kutolewa. Ukisafiri kwa basi kutoka Moshi kuja Arusha, ukipita Boma Ng'ombe na Usa River, uhamisho huu hufanyika mara nyingi bila wewe kuhisi, kwa sababu mnara mmoja unafifia huku mwingine ukipanda. Kibandani kwako hakuna unaofifia kabisa wala unaopanda kabisa, hivyo simu huhamahama, na kila kuhama ni nafasi ya kukatika.

Sasa ile menyu. Haipiti kwenye bando lako. Katika mitandao mingi, simu iliyo kwenye 4G ikipiga namba hiyo hulazimika kwanza kushuka 3G au 2G na kushika mnara upya, ndipo ombi lako liende. Hatua hiyo huchukua sekunde kadhaa, na mahali penye mvurugano inaweza kushindikana, huku mfumo wa fedha upande wa pili ukihesabu muda wake na hatimaye kufunga. Jirani yako hapiti hatua hiyo, kwani simu yake iko 2G tangu asubuhi. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, fungua mipangilio ya mtandao wa simu, uiweke laini ya uwakala kwenye 3G na 2G pekee, kisha utuletee majibu.

Mwalimu wa Fizikia, Moshi

Namuunga mkono Fundi, na ninapenda kuongeza habari za mabati na migomba, kwani wengi wetu huku milimani tunaishi navyo. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na la megahezi 1800 takriban 17. Wimbi refu hupinda vizuri zaidi kwenye kingo za vilima na hudhoofika kidogo tu likipita ukuta wa matofali. Bati ni jambo jingine, kwa sababu bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Katika kibanda cha mabati mawimbi huingia kwa mlango na dirisha tu, mengine yakiwa yameshagonga kuta kadhaa. Yakikutana yakiwa yamepita njia za urefu tofauti, mahali fulani huongezana na mahali pengine hufutana, na umbali kati ya sehemu hizo unaweza kuwa robo au nusu ya urefu wa wimbi. Kwa megahezi 1800 hizo ni sentimita 4 hadi 8, yaani upana wa kiganja haufiki.

Dada yangu ana duka Kibosho. Simu yake ikikaa kwenye rafu ya chuma nyuma ya mizani husoma -109. Ikisogezwa kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama mjini husoma -96. Tofauti hiyo ya desibeli 13 ni nguvu mara 20, na haikugharimu hata shilingi moja. Ukiishika simu hiyohiyo kwa kuifunika sehemu ya chini, ambako simu nyingi zina antena, inashuka tena mpaka -101.

Kuhusu mvua, watu husema mtandao unakimbia mvua ikinyesha. Kwa masafa ya simu, matone ya mvua hayana athari ya maana, ingawa majani mapana ya migomba yakilowa hunyonya mawimbi zaidi. Penye tatizo ni nyuma ya mnara. Minara mingi huunganishwa dishi kwa dishi kwa masafa ya juu sana, mara nyingi zaidi ya gigahezi 10, na hayo ndiyo yanayodhoofishwa na mvua kubwa ya masika. Wakati huo mistari kwenye simu haipungui hata mmoja, kwa sababu mnara wa hapo bado unarusha mawimbi yake, ila umetengwa na mtandao uliobaki.

Mkazi wa Rombo

Kwetu Tarakea na Holili, mpakani na Kenya, kuna shida nyingine ambayo mawakala wanaohamia huku wanapaswa kuijua. Mnara wa Kenya ukiwa na nguvu kuliko wa kwetu, na wa kwetu ukapotea hata kidogo, simu iliyoruhusiwa kutumia mtandao wa nje huushika. Laini zetu hutambulishwa kwa namba ya nchi 640 na za Kenya kwa 639, hivyo simu inajua kwamba iko ugenini, lakini hairudi papo hapo: inaweza kubaki kwenye mtandao wa nje kwa muda, na katikati hapo menyu ya fedha inaweza kukataa na salio likakatwa kwa gharama za nje. Dawa ni kuzima matumizi ya mtandao wa nje na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe.

Wakala wa Uru

Nawashukuru nyote. Nimeiweka laini ya uwakala kwenye 3G na 2G, na menyu sasa inafunguka upesi. Tangu hapo haijanitoa nje katikati ya muamala. Maongezi kwenye laini yangu binafsi, iliyobaki 4G, bado yanakatika kuanzia saa moja jioni. Nimeangalia kipimo: asubuhi kinasoma -94, na jioni hakibadiliki. Je, hapo kifaa cha kukuza mtandao hakiwezi kunisaidia?

Fundi wa Masafa, Arusha

Ndugu Wakala, asante kwa kipimo hicho, maana kinaondoa shaka. Nguvu ikibaki palepale na huduma ikaharibika saa za jioni, dalili inaelekea kwenye msongamano. Mnara wa 4G hugawa nafasi zake kwa watumiaji upya kila milisekunde 1, na wakiwa wengi kila mmoja hupata kipande kidogo. Minara jirani nayo, ikiwa na kazi nyingi, hukuongezea kelele ileile niliyoieleza. Kwenye 2G hali ni ya wazi zaidi, kwa kuwa kila chaneli ya redio ina nafasi 8 tu, na baadhi hutengwa kwa shughuli za mtandao wenyewe. Kila mtu wa Kilimanjaro ameyaona haya wiki ya Krismasi, ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja nyumbani: mistari imejaa, simu haitoki. Jiandae mapema kwa msimu huo, kwa kuweka laini ya kampuni nyingine karibu.

Kifaa cha kukuza mtandao sikushauri hata kidogo. Hukuza kila kinachokisikia, pamoja na ile minara inayokuvuruga, kwa hiyo uwiano kati ya sauti unayoitaka na kelele haubadiliki. Kikifungwa vibaya hurusha kelele kuelekea mnarani na kuharibu mawasiliano ya kijiji kizima. Vifaa vya namna hiyo vinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na vingi vya mitaani havina.

Hapa natofautiana kidogo na Mwalimu. Dada yake wa Kibosho alikuwa na mawimbi dhaifu, na dirisha linalotazama mjini lilimfaa. Wewe mawimbi unayo. Tatizo ni kwamba ni ya minara mingi. Jaribu kinyume chake: weka simu upande ambao ukuta wa bati unaikinga na tambarare, na uwazi wa mlango unaelekea mnara mmoja ulio karibu, hata kama namba itashuka kutoka -94 hadi -100. Kama kuna mnara upande wako wa Uru, bati hilo hilo litakusaidia kuiziba mingine.

Ikibaki vilevile, iandikie kampuni yako ukitaja mahali, saa, kipimo cha dBm, na kwamba maongezi hukatika nguvu ikiwa haijapungua. Maelezo ya namna hiyo humfikisha mhandisi kwenye pembe ya antena na vigezo vya kuhamisha simu, mambo ambayo mhudumu wa dukani hawezi kuyagusa. Wasipokujibu, peleka nakala ya barua hiyo TCRA, ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha.