Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba na hataki kwenda kliniki

DadaWaKihonda

Habari zenu ndugu zangu. Naandika usiku kwa sababu mchana nashinda naye.

Mdogo wangu ana miaka 27, mimba ya kwanza. Kadi yake ya kliniki ina hudhurio moja tu. Siku ile walimpima presha na damu, kisha nesi akamwambia, "Panda kitandani, legeza miguu." Hakumweleza anataka kufanya nini. Mdogo wangu aliteremka, akabeba viatu mkononi, akatembea pekupeku mpaka kituo cha daladala. Mumewe anasema ni kiburi. Mama mkwe anasema mimba imemkataa nesi.

Mimi najua ni nini. Miaka minane iliyopita, akiwa amemaliza kidato cha sita anasubiri matokeo, alibakwa na mtu aliyekuwa akila nyumbani kwetu. Hilo neno "legeza" yule mtu alilitumia.

Nilimpeleka mwenyewe polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na askari akamuuliza mbele za watu alikuwa amevaa nini. Hospitali walimpa dawa za kuzuia VVU, za siku 28. Zilimtapisha sana. Nilizificha kwenye kopo la majani ya chai. Baadaye wazee wakakaa kikao, yakaisha kifamilia. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuwapo tangu 1998, kubaka ni miaka 30 jela au maisha, na sisi tukakaa kikao. Sikuambiwa kilitolewa kiasi gani, ila mwezi uliofuata baba alinunua mabati. Mpaka leo yako juu ya chumba alichokuwa analala.

Tangu hapo halali bila taa. Hakai mahali mlango ukawa nyuma yake. Alipoolewa tukadhani yamekwisha, lakini mimba imeyarudisha yote. Juzi aliniambia mtoto akicheza tumboni anahisi mwili wake umechukuliwa tena.

Mumewe hajui, na si mimi wa kumwambia. Nifanyeje?

Mtumishi77

Pole dada. Mwombeeni sana, na yeye ajifunze kusamehe na kusahau. Miaka minane ni mingi.

MamaWawili

Kaka Mtumishi, maombi nayapokea. Lakini hiyo "asahau" mimi niliambiwa mwaka 2009 na kila aliyekuja kunipa pole, na nilijitahidi kweli. Kichwa kilisahau. Siku ya uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, mkono wa nesi uliponigusa bila kuniambia, nilibana miguu nikapiga kelele za mtu anayeuawa. Nesi akasema, "Mbona wakati ule hukulia?" Alimaanisha wakati wa kutafuta mimba. Hakujua amesema nini. Nilijifungua salama, lakini kwa majuma matatu sikuweza kumnyonyesha mtoto bila kufumba macho.

Mimba ya pili nilijipanga. Nilimwita nesi pembeni nikamwambia maneno machache tu: "Niliwahi kuumizwa. Tafadhali niambie kabla hujanigusa, na nikisema subiri, usubiri." Hakuuliza nani wala lini. Alivuta pazia, na kila mara aliniambia, "Mama, sasa naweka mkono tumboni." Dada, mwambie mdogo wako kwamba hadithi nzima hadaiwi na mtu. Hayo maneno machache yanatosha.

BibiMkunga

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 22, naomba niseme ya kazi.

Kwanza mwondolee hofu moja: hudhurio la kawaida la kliniki si kupimwa ndani. Ni presha, wingi wa damu, mkojo, VVU, kaswende, kupapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, na kusikiliza mapigo ya moyo wake. Huyo nesi inawezekana alitaka kupapasa tumbo tu. Kosa lake ni kutosema. Tunakosea hivyo kila siku, foleni ikiwa ndefu tunaongea na matumbo badala ya wenye matumbo.

Kupimwa njia ni wakati wa uchungu, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Hapo ana haki ya kuomba mkunga mwanamke, ya kulala ubavu badala ya chali, na ya kusema simama. Aombe mapema kama wodi inaruhusu wewe uwe msindikizaji wake, ukae upande wa kichwani.

Ila asikae nyumbani. Presha ikipanda bila mtu kuijua huleta kifafa cha mimba, na hicho nimekiona kikiondoka na mama na mtoto. Nendeni siku isiyo na watu wengi, wewe utangulie kuongea na mkunga wa zamu. Mumewe si lazima aambiwe ndipo mke ahudumiwe. Na hapo hospitali muulizieni afisa ustawi wa jamii. Huko kukosa usingizi kwa miaka minane kuna watu wamesomea kukusikiliza.

DadaWaKihonda

Nimerudi. Nimemwonyesha nilichoandika. Alinuna nusu siku, kisha akaniambia habari ya mabati aliijua siku zote, mvua ikinyesha alikuwa anahamia jikoni. Mimi nilidhani anapenda moto.

Alisoma jibu la MamaWawili mara mbili. Akauliza, "Huyo wa pili alimnyonyesha?" Sikuwa na jibu, dada, ukipita hapa tujibu.

Jumatano tunakwenda. Mimi nitatangulia kuongea na mkunga, ila yale maneno ya "niambie kabla hujanigusa" amesema atayasema mwenyewe. Jioni hii nimemsikia akiyarudia huku anachambua mchele, kwa sauti ndogo.

MamaWawili

Alinyonya miaka miwili na miezi miwili. Mwambie.