Bustani ya utamaduni Malindi: michoro tumeiona, hati ya ardhi iko wapi?

Wadau wa Malindi, wa Maweni, Barani, Shella, Muyeye, Kisumu Ndogo, na nyinyi mlioko Mombasa na Uarabuni mnaojifanya hamjui ya nyumbani, salamu. Leo sina maneno laini, mtaniwia radhi.

Nimetoka kwenye kikao cha "kukusanya maoni ya wananchi" kuhusu mpango wa kaunti wa kuugeuza ule uwanja wa zamani wa mabembea uwe bustani ya utamaduni. Jina silitaji, aliyekulia hapa anaujua. Tumeketishwa kwenye viti vya plastiki, ikawashwa projekta, tukaonyeshwa picha za kompyuta: jukwaa la ngoma na taarab, vibanda vya makuti, vijia vya kutembea, na chemchemi ya maji. Chemchemi! Katika mji ambao mifereji ikikauka twanunua maji ya mkokoteni. Na waliokuwa wakitembea humo kwenye picha ni watu warefu weupe na mbwa wao. Sikuona buibui hata moja, wala leso, wala mama na karai lake la viazi.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono, akauliza swali moja tu: "Ile ardhi sasa ni ya nani?" Ukumbi kimya. Ofisa akatabasamu, akasema hilo ni jambo la kitaalamu, litashughulikiwa baadaye. Baadaye! Halafu tukagawiwa soda na karatasi ya mahudhurio tutie sahihi, na hiyo karatasi ndiyo kesho itakayosomwa kwamba wananchi waliridhia.

Kwa vijana wasiojua: ardhi ile ilikuwa ya umma, chini ya kaunsili ya zamani. Akaja mwekezaji, akapewa kwa mkataba wa miaka mingi, akaleta gurudumu kubwa, treni ya watoto na vigari vya kugongana. Nisiwe mchoyo wa haki, miaka ya mwanzo palinoga. Siku ya Idi watoto wamevaa mapya, hina mikononi, na kila shilingi waliyopewa na wajomba yaishia pale. Kisha jenereta ikafa, vigari vikafa kimoja kimoja, mwekezaji akapotea. Vyuma vimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nyuki wamehamia kibanda cha tiketi, na mtoto akiruka ukuta kufuata mpira arudi amekatwa na mabati. Aliyebaki ni soja mmoja anayewatoza maharusi wapigwe picha mbele ya gurudumu lenye kutu. Risiti hatoi. Simlaumu sana, mwajiri wake haonekani na mtu ale nini, lakini oneni tulipofika: hata magofu yetu yana kiingilio.

Sasa niwaambie kwa nini swali la yule mzee ndilo swali lenyewe.

Mwekezaji akitoroka, mkataba wake hautoroki naye. Kama miaka haijaisha na hakuna aliyekwenda kuuvunja kisheria, bado ana haki juu ya ile ploti, hata awe anaishi mwezini. Na kama aliuweka rehani benki, basi benki nayo ina mkono wake humo. Kaunti ikimwaga kodi zetu pale, ikajenga jukwaa na kupanda miti, atarudi yeye au wakili wake akiwa na faili mkononi, aseme asanteni kwa kunisafishia shamba. Ama tumlipe fidia, ama bustani iwe yake, na ploti iliyokuwa na kutu iwe imepanda bei kwa pesa zetu. Mpango wa kuliacha hili "baadaye" una mtu unayemnufaisha, na si mimi wala si wewe.

Mwasema natia chumvi? Kawaulizeni Wajerumani. Berlin, kando ya mto Spree, palifunguliwa uwanja wa mabembea mwaka 1969, enzi za Ujerumani Mashariki, ukiitwa Kulturpark Plänterwald. Ukuta ulipoanguka ukapewa watu binafsi, ukawa Spreepark. Madeni yakaulemea, ukafungwa 2001. Mwaka uliofuata mwenyewe akapakia baadhi ya mabembea melini akaenda kujaribu bahati Lima, Peru. Baadaye akafungwa, maana ndani ya mlingoti wa bembea moja lililokuwa likirudishwa Ujerumani palikutwa kokeini zaidi ya kilo 160. Hiyo ni sinema ya siku nyingine, ingawa kuna wawekezaji wetu ambao ningependa tuwapige tochi kwenye milingoti.

Kilichonishughulisha mimi ni kilichobaki Berlin. Udongo ulikuwa wa jiji, lakini haki ya kuutumia ilikuwa imefungwa kwenye mkataba mrefu wa kampuni iliyofilisika, na madeni ya benki juu yake. Jiji lenye wanasheria na pesa likakaa likitazama madinosauri ya plastiki yakianguka kifudifudi vichakani na watalii wakiruka ua kupiga picha. Kutoka 2001 hadi 2014! Mwaka huo ndipo jiji lilipoinunua tena ile haki, na kufikia 2016 uwanja ukawa mikononi mwa kampuni ya jiji lenyewe, Grün Berlin, ugeuzwe bustani ya sanaa, utamaduni na mazingira. Wakazi wakaulizwa maoni hapo, ardhi ikiwa tayari mkononi. Lile gurudumu lao la mita 45 halikuuzwa kwa vyuma chakavu. Lilifunguliwa vipande vipande mwaka 2021 likarekebishwe lirudi. Karatasi kwanza, michoro baadaye. Sisi ndio twaanza na chemchemi.

Na msiniambie huo ni Uzunguni. Mama Ngina pale Mombasa ilifunguliwa upya 2019 ikabaki uwanja wa watu; mibuyu ipo, mtu ala muhogo wake akitazama meli zaingia Kilindini. Na Uhuru Park ya Nairobi mngesimama leo jengo la ghorofa 60 kama Wangari Maathai mwaka 1989 angekubali kuambiwa ardhi ni jambo la wataalamu.

Turudi kwenye michoro, maana kuna kitu kilichonipandisha damu zaidi ya chemchemi. Kwenye lango wamechora vigango, zile nguzo za mbao za kuchongwa za kuwakumbuka wafu. Vigango, jamani! Viwili kila upande, vimepigwa rangi, na taa chini yake. Kigango ni cha mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, aliyefariki. Husimamishwa na watu wake, kwa kafara na masharti yake, na kikishasimama hakihamishwi ovyo. Vimeibiwa makaburini huku kwetu miaka na miaka, vikauzwa kwa madalali wa sanaa hadi Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yenyewe yaliamua kurudisha 30. Wageni waliovinunua wamepata haya, na sisi twavichora vipambe mlango wa kukatia tiketi. Niliuliza ni mzee gani wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, aliyeshauriwa. Nikaambiwa mchoraji ametoka Nairobi na ni mtaalamu.

Mnaona lakini ni ugonjwa ule ule? Ardhi hawakuuliza ni ya nani, kigango hawakuuliza ni cha nani. Malindi si mji wa kukosa watu wa kuuliza. Wagiriama wanakutana hapa kila Agosti kumkumbuka Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza kuwapinga wakoloni Waingereza, na sanamu yake iko mjini, mwendo mfupi tu. Wabajuni wapo na ngoma yao ya vugo, kina mama wa ngoma ya lelemama wapo. Gede imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Ila nguzo ya Vasco da Gama, mtu aliyepita hapa 1498 akaomba rubani akaenda zake, ndiyo iliyopewa ukurasa mzima kwenye kile kijitabu chao. Mekatilili amepata mistari miwili, na wameandika jina lake vibaya.

Najua watakaokuja hapa chini kuniambia napinga maendeleo. Kijana, tuliza boli. Nataka bustani ile kuliko wewe. Watoto wangu wacheza mpira barabarani wakikwepa tuktuk. Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya utamaduni na ya bustani na fukwe na burudani, kwa hivyo hii si hisani ya mtu, ni kazi yao. Ibara ya 40 nayo imesema mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi. Basi kama mkataba ulitolewa vibaya, au masharti yake yamevunjwa kwa kutelekezwa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko papa hapa Malindi, haihitaji hata nauli ya basi. Kwa nini hakuna aliyekwenda?

Kwa hivyo wakati mwaisubiri hiyo "baadaye", mimi na wenzangu kadhaa tumeandika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Twataka nakala ya mkataba wa mwekezaji, matokeo ya sachi (upekuzi wa rekodi za ardhi) ya ile ploti pamoja na rehani zake kama zipo, na kumbukumbu za kikao chochote kilichokaa na wazee wa kaya. Kiingilio pia twataka kukijua, na kama mama wa viazi karai na muuza mabuyu watakuwa ndani au watafukuzwa na askari wa kaunti kama kawaida. Sheria imewapa siku 21 wajibu.

Mwenye nakala ya mkataba ule aiweke hapa, jina lake alifiche. Na wewe ofisa wa "baadaye", najua huwa unapita humu kimya kimya: barua imepokelewa ofisini kwako na nakala yetu ina mhuri, kwa hivyo usije ukasema haikufika.