Mrejesho: alkaliniti, kalsiamu na magnesiamu kushuka kwa pamoja

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini tangi langu la matumbawe, lita 200, hapa Tanga, limeshuka hadi alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) 5.6, kalsiamu miligramu 330 na magnesiamu miligramu 1,030 kwa lita. Jibu limepatikana: chumvi ya maji ilikuwa imepungua.

Kaka uliyesema "vikishuka vyote kwa uwiano mmoja, anza na chumvi", Mungu akubariki. Haidromita yangu ya mshale (kipimo cha chumvi ya maji) ilikuwa inasoma 35 kwa elfu, kama bahari ya kawaida. Nikaazima refraktomita, kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga, nikairekebisha kwa maji maalumu yenye chumvi inayojulikana, ikasoma 28! Nikamulika ile haidromita kwa tochi. Vipovu vidogo kama punje za mtama vimeng'ang'ania chini ya mshale, vinaunyanyua usome chumvi nyingi kuliko iliyopo. Nikaigonga kwa kucha, vikatoka, mshale ukashuka.

Na maji yenyewe? Masika yote nilikuwa nachota Raskazone, ndoo juujuu tu, mara nyingine kesho yake baada ya mvua kubwa. Mto Mkulumuzi unamwaga kwenye ghuba hii hii, na maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi. Sasa nachota siku za bamvua, bahari ikiwa imejaa, na napima kabla ya kumimina.

Chumvi nimeipandisha polepole, nikifidia maji yanayokauka kwa maji ya bahari badala ya matamu. Leo ni 34.5, kalsiamu 410, dKH 7.

Jana usiku matumbawe laini yamefungua vidole vyake tena. Nilikaa mbele ya kioo hadi taa ikazimika.