Bonde la Msimbazi: nyumba zetu zilipigwa X, bomba la kiwanda halina hata alama

Wakuu habari zenu, nimevumilia sana ila leo naandika.

Mimi ni mtu wa Tabata hapa Dar, nimekulia bonde la mto Msimbazi miaka ya 70 kukiwa bado kuna mikorosho na majaruba ya mpunga. Tukitoka shule tunatupa mashati tunaingia mtoni kuvua kambale na chandarua kibovu, mama anafua upande wa juu anatupigia kelele tusimtibulie maji. Mwaka 1967 Dar ilikuwa haijafika hata watu laki tatu, sensa ya 2022 tumepita milioni tano, na hao wote wakienda chooni, wakichinja, wakitia vitambaa rangi, sehemu ya uchafu wao inaishia kwenye huu mto.

Sasa kuna kiwanda huko juu yetu, jina sitaji, kinafungulia bomba usiku saa nane watu wamelala. Harufu inakuamsha, macho yanawasha kama umekata vitunguu, asubuhi maji yana rangi kama ya wino. Mama alikuwa na matuta yake ya mchicha na matembele pale, anaingia peku kuchota kwa keni, mwaka juzi nyayo zikaanza kumenyeka, ngozi inatoka vipande hadi unaona nyama nyekundu. Kaacha bustani. Ila majirani bado wanamwagilia maji yale yale na mchicha unaenda sokoni, wengi mnaula huko mlipo bila kujua.

Kinachoniuma zaidi ni hii mita 60. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sawa, sipingi, mafuriko ya Desemba 2011 tuliyaona na watu walikufa. Lakini Desemba 2015 walipita nyumba kwa nyumba na rangi nyekundu wakipiga X ya kuzibomoa, wajane wamelala nje na masufuria yao na watoto, mvua inanyesha, halafu lile bomba limetokeza mtoni kabisa yani unaligusa kwa mkono ukisimama kwenye maji na hakuna aliyelipaka hata tone. Kwani mita 60 zinapimwa kuanzia kwa maskini tu?

Na msiniambie wananchi hatuwezi kitu. Wazee wa Tabata hapa hapa walienda mahakamani 1988 kwa ajili ya dampo lililokuwa linatuua kwa moshi, wakashinda, ikachukua miaka likafungwa. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, pembeni ya mto huu huu!! Ila walishinda.

Nimeshapeleka barua mara tatu, kila ofisi inasema ni ya ofisi nyingine. Nina picha za bomba na picha za miguu ya mama. Kama kuna mwanasheria humu anayezijua kesi za mazingira, au mtu wa maabara anayeweza kupima maji tukamlipa kidogo kidogo, naomba aje pm. Majirani kumi na moja tumeshakubaliana kusaini.